Senti Hamsini kwa Kila Mzunguko

Hamburg hawasubiri mvua ikatike. Simama kando ya Alster asubuhi ya Novemba, manyunyu yakija kwa ubavu na upepo ukitafuta pa kuingilia kwenye koti, utawaona wanapita tu: mzee wa miaka 70 mwenye kofia ya sufu, mama anayekimbia huku anasukuma kigari cha mtoto, kijana wa benki, mpishi aliyetoka zamu. Alster ni mto uliozibwa tangu zama za kati ukawa ziwa katikati ya mji, na njia inayozunguka sehemu yake kubwa ina kilomita 7.4. Wenyeji wanaijua njia hiyo kwa mapafu kabla ya kuijua kwa ramani.

Marathoni ya mji huu inakimbiwa tangu 1986. Aprili 2013 Eliud Kipchoge, ambaye hadi wakati huo alijulikana kwa mbio za uwanjani, alikuja hapa kukimbia marathoni yake ya kwanza, akashinda kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 30. Labda ndiyo maana ukimwambia mtu wa Hamburg kwamba unatoka Kenya au Tanzania, macho yake yanashuka kwanza kwenye miguu yako. Akiangalia ya kwetu, sisi tulioandaa mbio ninazozisimulia hapa, hakuna alichokiona. Kamati ilikuwa na dereva wa basi mwenye kitambi, muuguzi wa zamu za usiku, fundi umeme, mwanafunzi wa uzamivu, na mhasibu wa Tanga ambaye tangu atue Ujerumani alikuwa hajakimbia isipokuwa kuwahi treni. Kijana mmoja tu, wa Eldoret, ndiye aliyewahi kubandikwa namba kifuani, na hiyo ilikuwa shule ya msingi.

Aliyekaa ughaibuni anaijua simu ya jioni. Inaanza na salamu ndefu, inapita kwenye habari za mvua na wagonjwa, halafu inafika ilikokuwa inakwenda: ada, bati, dawa, msiba. Unatuma. Na ukishatuma, huulizi. Kumuuliza mjomba zile hela za bati zimeezeka chumba kipi ni kumvunjia heshima, na wewe mwenyewe hutaki kusikika kama mtu aliyebadilishwa na Ulaya. Ndivyo wengi wetu tulivyozoea kutoa: kila mtu peke yake, kwa watu wake, bila swali.

Safari hii ombi halikuja na jina la ndugu. Mdogo wake muuguzi wetu anafundisha shule ya msingi upande wa Mbagala, Dar es Salaam. Alituma picha za vyoo: ukuta mmoja umetitia, milango ni magunia, na foleni ya wasichana wakati wa mapumziko imefika hadi kwenye mwarobaini. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Pale hesabu hiyo ilikuwa ndoto ya mchana. Wasichana wakubwa, mwalimu aliandika, siku fulani za mwezi wanabaki nyumbani, na ukitaka kuzijua siku zenyewe fungua tu daftari la mahudhurio.

Tungeweza kufanya kama kawaida: kufungua kundi la simu, kuandika majina na ahadi, kukumbushana hadi watu watoke kwenye kundi. Mwanafunzi wa uzamivu ndiye aliyekataa. Hamburg na Dar es Salaam, alisema, ni miji dada tangu mwaka 2010. Kuna mikataba, kuna picha za mameya wakishikana mikono. "Sasa kama ni ndugu," akasema, "ndugu huchangishwa."

Namna ya kuwachangisha tulijifunza kwao wenyewe. Wajerumani wana mbio wanazoziita Spendenlauf, na ni nadra kumpata mtoto aliyesoma hapa asiyezijua. Kabla ya siku yenyewe kila mkimbiaji anatafuta wadhamini wake: bibi, jirani, bosi, daktari wa meno. Mdhamini anaandika kwenye fomu atakachotoa kwa kila mzunguko, labda senti 50, labda euro 2, anatia sahihi. Siku ikifika mtu anakimbia mizunguko anayoiweza, inahesabiwa, kisha anarudi kwa wadhamini na hesabu mkononi. Aliyemaliza mizunguko 12 anamdai mtu wa senti 50 euro 6. Akiwa na wadhamini 10 wa namna hiyo, ni euro 60, na hiyo ni mifuko kadhaa ya saruji Mbagala.

"Hii ni harambee iliyovaa raba," kijana wa Eldoret akasema. Tulicheka, lakini baadaye niliona tofauti. Kwenye harambee mkubwa anasimama na bahasha, jina linatangazwa, makofi yanapigwa kulingana na unene wa bahasha. Kwenye kadi ya mchango wa harusi unaandika kiasi kinachofanana na cheo chako. Hapa mtoaji anatia sahihi bila kujua atalipa ngapi. Kiasi kiko kwenye miguu ya mwingine, na mara nyingi mwingine huyo ni mtoto wa darasa la 4.

Kazi ya kwanza ilikuwa njia. Alster tuliifuta mapema. Mzunguko wa kilomita 7.4 ni mrefu mno kwa watoto na wazee, na njia yenyewe ina wenyewe: wakimbiaji, mbwa, baiskeli zinazopita bila kupunguza mwendo. Dereva wa basi akasema, "Jamani, si kuna Tanzania Park?"

Ipo kweli. Tuliifuata Jumapili moja hadi Jenfeld, mashariki ya mji, kwenye eneo la iliyokuwa kambi ya jeshi yenye jina la Lettow-Vorbeck, yule kamanda aliyewaburuta babu zetu vitani tangu 1914 hadi 1918, kutoka mpaka wa Kenya hadi Msumbiji na kurudi. Ndani ya uzio zimehifadhiwa sanamu za ukutani za udongo wa kuchoma, zilizotengenezwa enzi za Wanazi kumtukuza yeye na vita vyake: askari wa Kiafrika wanamfuata ofisa wa Kijerumani, na wapagazi wamejitwika mizigo. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Geti tulilikuta limefungwa. Tulizunguka uzio, tukapita nyumba mpya za familia zilizojengwa pale kambini, watoto wakicheza mpira, na hakuna aliyekuwa na la kusema mpaka tuliporudi kituoni. Dereva wa basi, mwenye wazo, ndiye aliyelifuta. "Hapa tulishabeba vya kutosha," alisema. "Twendeni kwingine."

Kwingine kukawa Stadtpark, bustani kubwa ya wilaya ya kaskazini. Ilifunguliwa mwaka 1914, mwaka ule ule vita vilipoanza, na ina hekta zipatazo 148. Kutoka Mashariki kwenda Magharibi imenyooka: ziwa dogo upande mmoja, uwanja mpana wa nyasi katikati, na mwisho wake mnara wa zamani wa maji ambao tangu 1930 ni jumba la kutazamia nyota. Jioni za kiangazi nusu ya mji iko pale inachoma nyama, na moshi ukitanda juu ya nyasi unaweza kudhani uko Coco Beach siku ya sikukuu. Treni ya chini ya ardhi inashusha watu kituo cha Borgweg, hatua chache kutoka mitini. Mhasibu aliazima gurudumu la kupimia kutoka kwa mwalimu wa michezo, akautembea mzunguko wetu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulizidi kwa mita 11, na hakutaka mtu yeyote adaiwe mita ambazo hazikuahidiwa. Ulipotulia ulikuwa kilomita 1 kamili, wa kivuli karibu wote, bila barabara ya magari kukatiza.

Hamburg ina wilaya 7, na kila moja ina ofisi inayosimamia bustani zake. Nilidhani kibali ni barua na muhuri. Kumbe ni maswali. Watu wangapi? Gari la wagonjwa litaingilia wapi? Vyoo viko umbali gani? Taka zitabebwa na nani, saa ngapi? Spika ina nguvu kiasi gani? Vibao vya mishale vitafungwa kwa kitu gani? Msumari kwenye mti ni marufuku, rangi chini ni marufuku. Chaki inaruhusiwa kwa sababu mvua itaifuta. Swali lililonishinda kujibu papo hapo lilitoka kwa mama wa mezani, kwa sauti ya upole kabisa: "Wakija watu mara mbili ya mnaowategemea, mtafanya nini?" Kwetu jibu ni moja, tutamshukuru Mungu. Pale ilibidi tuandike ukurasa mzima: waelekezaji njia wa akiba, maji ya akiba, na ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mbio.

Kisha ikaja bima. Mkimbiaji akimgonga bibi anayetembeza mbwa, bibi akavunjika nyonga, nani analipa? Kundi la marafiki halilipiwi bima kirahisi, wala haliruhusiwi kutoa stakabadhi ya sadaka inayompunguzia mtoaji kodi. Kwa hilo kwa kawaida unahitaji chama kilichosajiliwa, na chama hakisajiliwi bila wanachama wasiopungua 7, katiba, mkutano na kumbukumbu zake. Hatukuanzisha kipya. Tulijipachika kwenye chama kidogo cha Wajerumani waliowahi kufanya kazi Tanzania, watu wa rika la wazazi wetu, wanaosema "shikamoo" wakiitikia wenyewe "marahaba" kabla hujafungua mdomo. Wao walikuwa na bima, akaunti, na kibali cha mamlaka ya kodi. Mtoaji wa hadi euro 300 hahitaji hata stakabadhi maalumu. Karatasi ya benki inamtosha. Anayezidi hapo anaandikiwa. Mhasibu wetu, aliyezoea vikao vya harusi ambako daftari la michango hutoweka pamoja na mweka hazina, alizipokea fomu hizo kwa furaha isiyofichika. "Kwetu risiti anaiomba asiyekuamini," alisema. "Hawa anaiomba anayekupenda."

Tukaanza kuomba, na hapo kila upande ulionyesha tabia yake.

Watanzania wenzetu walitoa haraka na kubishana na utaratibu. "Mtu mzima akimbie ndipo nimpe? Si nitoe tu hizo hela?" Wengine walikuwa tayari kutuma euro 50 ili wasionekane na kaptula hadharani. Dada mmoja alitaka kujua kama unaweza kumlipa mtu akukimbilie. Mzee wa Kigoma, aliyefika hapa miaka ya 1980 kusomea uhandisi wa meli na hakurudi, alisikiliza mabishano yote kwenye kikao, akanyoosha mkono. "Mwanangu, nipe fomu. Lakini mimi sikimbii, natembea." Ikapitishwa kwamba mzunguko ni mzunguko, ukiruka, ukitembea au ukisukumwa kwenye kiti cha magurudumu.

Wajerumani hawakubishana na utaratibu, wanaujua toka utotoni. Wao waliuliza. Jirani yangu wa ghorofa ya 3, bibi mjane ambaye kwa muda wote niliokaa kwenye jengo lile tulikuwa tumezungumza habari za mapipa ya taka tu, alinikaribisha ndani, akatafuta miwani, akaisoma fomu neno kwa neno. Shule ina watoto wangapi? Shimo litakuwa na kina gani, na maji ya chini ya ardhi pale yako umbali gani? Fundi ni nani? Nani anashika pesa? Nilihisi joto la aibu, lile ambalo mtu wa pwani hulihisi anapoulizwa mambo ya hela kabla ya chai kuletwa. Yalipokwisha maswali, akatia sahihi: euro 5 kwa kila mzunguko, mkimbiaji ni mtoto wa muuguzi, mwenye miaka 11. Aliniambia kwamba kwa umri ule anakisia mizunguko 4. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtoto yule akicheza mpira.

Mwaka huo wa 2025 Idi ya Kuchinja na Pentekoste zilipishana siku mbili tu, kwa hiyo tulisogea hadi Jumamosi ya katikati ya Juni, kabla shule hazijafunga kwa likizo ndefu. Jumapili tusingethubutu, Jumapili ya Ujerumani haipendi spika.

Mvua ilianza alfajiri, ikapungua, ikarudi. Saa tatu tulikuwa tumefunga maturubai mawili, na chini ya moja akina mama walikuwa wanakaanga sambusa kwenye jiko la gesi lililoruhusiwa kwa barua yake peke yake. Chini ya turubai la pili wenyeji walipanga keki, maana hapa shughuli yoyote ya kheri bila meza ya keki za nyumbani haihesabiki. Mpaka saa nne keki za matunda na vitumbua vilikuwa vimeshachanganyika kwenye sahani moja, na pembeni birika kubwa la chai ya tangawizi linatoa mvuke. Watu wa huduma ya kwanza walifika wawili, wakakagua njia, wakakaa chini ya mti na kahawa yao.

Waelekezaji njia walikuwa wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Hamburg. Lugha yetu inafundishwa mji huu tangu taasisi ya kikoloni iliyofunguliwa 1908 kuandaa maofisa na wafanyabiashara waliotumwa kututawala. Chuo kikuu kiliirithi mwaka 1919. Hawa wa leo walijitolea na vizibao vya rifleta, wakasimamishwa kila kona, na kila mkimbiaji aliyepita, awe Mturuki, Mpolandi au Mjerumani wa kuzaliwa, alipigiwa kelele kwa Kiswahili cha darasani: "Hongera sana! Tafadhali uendelee!" Mzee wa Kigoma alipita kwao na fimbo yake, wakamshangilia vivyo hivyo. Alisimama, akawasahihisha ngeli fulani, akaendelea.

Meza ya kuhesabia ndiyo iliyokuwa moyo wa siku, na ilikuwa chini ya mhasibu. Wengi hutumia kadi na muhuri, lakini mwalimu wa michezo alikuwa ametuonya kwamba kwa hali ya hewa ya hapa wino utatiririka kabla ya mzunguko wa 3. Tukatumia rababendi, zile za kufungia noti. Unamaliza mzunguko, unanyoosha mkono bila kusimama, mtu anakuvisha rababendi moja, unaondoka. Baada ya saa moja uwanja ulijaa watoto wenye mikono yenye rangi hadi karibu na kiwiko, wakilinganisha. Ukimaliza kabisa, unakwenda kwenye meza, mhasibu anazivua moja moja na kuzipanga juu ya mkeka kwa mafungu ya tano, mkimbiaji akihesabu kwa sauti pamoja naye, kwa lugha yoyote anayoipenda. Wakipishana, wanaanza upya. Namba inaandikwa, sahihi mbili, rababendi zinarudi kwenye bakuli kumsubiri mwingine. Kuna mwanaume mmoja, Mjerumani wa makamo aliyekimbia pekupeku, aliyesema 16 wakati mkeka unasema 15. Walihesabu mara tatu. Ilikuwa 15. Akatazama mkono wake, akaangalia nyasi, akarudi njiani kukimbia mmoja zaidi ili asidanganye wadhamini wake.

Waliokuja kuona wakimbiaji wa Afrika Mashariki walipata walichopata. Kijana wa Eldoret alianza kwa kasi iliyowafanya watu watoe simu kupiga picha, akashikwa na kichomi mzunguko wa 5, na kuanzia hapo akakimbia akipiga soga na akina mama. Dereva wa basi alikwenda mwendo wa basi lenyewe, akisimama kila kituo. Muuguzi, aliyetoka zamu saa moja asubuhi, alijifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi na kumaliza mizunguko 7 bila kubadilisha mwendo wala uso. Aliyekimbia mingi kuliko wote alikuwa mama mmoja wa posta, mtu wa mtaa wa Barmbek, mwembamba, mkimya, ambaye hakuna aliyemwalika. Aliona tangazo kwenye mkate wake, kwa sababu duka moja la mikate la jirani lilikubali kubandika karatasi yetu kwenye mifuko. Na mtoto wa muuguzi, yule wa euro 5, alivua rababendi 14.

Mpaka mchana mvua ilikuwa imekatika na hakuna aliyegundua. Sambusa ziliisha kabla ya keki, jambo ambalo akina mama walilitaja kwa siku kadhaa. Saa tisa alasiri tulikuwa tumeokota hadi vijiti vya meno, maana mama wa ofisi ya wilaya alikuwa amesema atapita, na alipita, na baiskeli.

Waliozoea wanasema mbio hizi zina nusu ya pili, nayo ni kudai. Ahadi ni deni, lakini deni la senti 50 kwa mizunguko 9 linahitaji uso mkavu kulifuata. Watoto walikuwa hodari kuliko sisi. Walibisha milango na karatasi zenye sahihi ya mhasibu, wakasimama pale pale mpaka pochi ikafunguliwa. Nilimsindikiza yule wa mizunguko 14 hadi ghorofa ya 3. Bibi aliisoma namba, akavua miwani, akaisoma tena. Kisha akamwangalia mtoto kwa muda, juu hadi chini, akaenda chumbani akarudi na euro 70. "Mwakani," alimwambia, "nitauliza kwanza unakula nini asubuhi."

Pesa zilikwenda kupitia chama hadi akaunti ya shule. Kamati ya shule ilijenga kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani mafundi wa mtaa ule ule badala ya mkandarasi, na manunuzi yakiandikwa na walimu na wazazi. Zilitosha matundu tuliyoahidi na simtanki la lita 5,000 la kuvunia maji ya mvua. Mwalimu mkuu naye alikuwa ametusoma. Aliposikia jinsi pesa zilivyopatikana, aliwatoa watoto wake kiwanjani Ijumaa moja wakazunguka shule, wazazi wakiahidi shilingi 100 na 200 kwa kila mzunguko. Fedha hizo zilinunua milango. Alituandikia hivyo kwa makusudi, nadhani: choo ni chenu, mlango ni wetu.

Septemba mwaka ule ule, wakati mafundi wanapiga lipu, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani, mzaliwa wa Eritrea aliyefika huku akiwa kijana mkimbizi, walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo kwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Dhahabu ilikwenda kwa Simbu kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Kundi letu la simu, nusu Wajerumani nusu sisi, liliwaka asubuhi nzima. Mhasibu peke yake hakushangilia; aliuliza ni nani aliyepima.

Picha za vyoo vilivyokamilika zilipofika, nilizichapa nikaenda nazo kwa bibi. Nilitegemea machozi kidogo, labda keki. Alivaa miwani, akazipitia: kuta nyeupe, milango ya bluu, simtanki juu ya jukwaa lake. Akauliza, "Nani anasafisha?"

Sikuwa na jibu, nikalituma swali Mbagala kama lilivyo, bila kulipaka sukari. Kwa mjomba nisingethubutu. Mwalimu mkuu alijibu siku ile ile, na barua yake ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kutuandikia. Wanasafisha watoto wenyewe kwa zamu. Sabuni hununuliwa na walimu wanapokuwa nayo. Simtanki linakauka kiangazi, na bili ya maji ya bomba shule inaikwepa kwa kufungua koki asubuhi tu. Mambo hayo yote aliyajua tangu mwanzo. Hakuyasema kwa sababu hakuna mfadhili aliyewahi kumuuliza; wafadhili, aliandika, hupenda vitu vinavyoweza kupigwa picha na kuzinduliwa kwa utepe.

Nimeifikiria sana barua ile. Kwa miaka tumetuma pesa zenye adabu, zisizouliza, tukidhani adabu hiyo ndiyo upendo. Pesa za mizunguko zilikuja na bibi wa ghorofa ya 3, mama wa ofisi ya wilaya, mhasibu na mkeka wake, mtu wa pekupeku anayerudi kukimbia mzunguko wa 16. Wote hawa walikuwa na haki ya kuuliza kwa sababu walikuwa wametia sahihi au wametoka jasho. Na maswali yao, yaliyonitia aibu mwanzoni, ndiyo yaliyompa mwalimu mkuu nafasi ya kusema anachohitaji badala ya kushukuru kwa alichopewa. Siku hizi nimeanza kumuuliza hata mjomba. Hakupenda mara ya kwanza. Mara ya pili alinitumia bei za bati za maduka matatu.

Mbio zijazo, kwa hiyo, ni za maji na sabuni. Ofisi ya wilaya imeshatutumia orodha yake, ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza, na Mbagala watakimbia wiki hiyo hiyo, wazazi wakidhamini sabuni na sisi maji. Fomu zinazunguka kwenye jengo letu. Bibi ameandika jina lake juu kabisa, euro 5 kama kawaida, na mbele yake, kwa mwandiko ulionyooka, ameongeza: mwisho mizunguko 15.